Nimdhamini mdogo wangu mkopo wa chuo kikuu, au nimzuie?

Ndugu mshauri na wasomaji wenzangu, salaam.

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu, na fomu ya mkopo inataka mdhamini. Baba alishafariki, mama hana kipato cha kujaza kwenye fomu, kwa hiyo nimebaki mimi. Shida ni kwamba mimi mwenyewe bado nakatwa mkopo niliosomea, na sijui kama saini yangu itamfungulia njia au itamfunga.

Nilipomaliza digrii nilikaa muda mrefu bila ajira ya kueleweka: vibarua, kujitolea, kufundisha watoto wa watu jioni. Deni halikunisubiri. Riba iliendelea kuhesabiwa, na kila nilipoomba taarifa nilikuta salio limepanda ilhali sikuwa nimekopa hata senti nyingine. Nilipopata kazi, hati ya mshahara ilikuja imepangwa hivi: mshahara ghafi, kodi, hifadhi ya jamii, bima ya afya, mkopo wa elimu ya juu. Chini kabisa ndiyo pesa ya kuishi. Mstari ule wa mkopo ulikuwa mkubwa kuliko wa kodi. Na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya nilichokatwa ilimezwa na riba, deni lenyewe likawa linapungua kwa kujikokota.

Wenye mishahara mizuri huniambia nisilalamike, dawa ya deni ni kulipa. Nakubali, tena nataka kulipa, maana pesa hiyo ndiyo itakayomsomesha mwingine. Ila makato yananikuta wakati ule ule ninaopanga chumba, nanunua godoro na nguo za kazini, na mama anaanza kunitegemea. Aliyesomeshwa na wazazi tukaanza kazi pamoja, kwa mshahara ule ule, ameshaanza kuweka akiba. Mimi bado nalipia darasa.

Nimejaribu kusoma wenzetu wanafanyaje, na nilichokiona ni kwamba namna deni linavyodaiwa ina uzito kuliko hata ukubwa wake. Australia, tangu 1989, mhitimu huanza kulipa pale tu kipato chake kinapofika kiwango kilichowekwa. England, walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 wanalipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Ni muda mrefu sana wa kubeba deni, lakini aliyepoteza kazi hadaiwi mwezi huo.

Tanzania utaratibu ni mwingine: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, awe analipwa kidogo au vizuri. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, yaani asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka, na nadhani hilo liliwapa watu pumzi kuliko hotuba nyingi za kuwahimiza wadaiwa walipe. Kenya riba ya mkopo wa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo si kubwa; bei za vitu zikipanda kwa kasi kuliko hapo, thamani halisi ya deni inapungua. Kinachoumiza huko ni faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi ambao hukulipa. Faini hiyo inamwangukia nani zaidi kama si yule asiye na kazi?

Marekani ndiko kulikonitisha. Zaidi ya watu milioni 40 wanadaiwa na serikali kuu mikopo ya masomo inayozidi jumla ya dola trilioni 1.6. Mpango wa kufuta sehemu ya deni hilo ulizuiwa na Mahakama ya Juu mwezi Juni 2023, na hata mtu akitangazwa kufilisika, mkopo wa chuo hauondoki kirahisi kama madeni mengine. Lakini kilichonikaa kichwani ni hiki: wanaoshindwa kulipa mara nyingi si madaktari na wanasheria wenye madeni makubwa. Ni watu wenye deni dogo walioacha chuo katikati, wakabaki na deni bila cheti cha kuwatafutia kazi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na mdogo wangu. Amechagua historia na akiolojia. Anayapenda masomo hayo kweli kweli, na ana akili. Lakini najua ajira zake ni chache, na akichoka katikati ya safari atakuwa na deni tu. Nilimpa wazo la stashahada ya uuguzi: deni dogo, kazi inayohitajika kila mahali. Akaniangalia akasema, "Dada, wewe ulisoma ulichotaka kwa mkopo. Mbona mimi unanihesabia?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Damu haimpi raha hata kuiona, sasa namsukumaje kwenye wodi?

Mama yeye hataki mjadala. Anasema bila mkopo nisingefika nilipo, na ni kweli. Kazi ninayofanya wasingenipa bila digrii. Mume wangu anaogopa kitu kingine. Amesoma masharti ya mdhamini mstari kwa mstari, akanionyesha pale panaposema mkopaji asipolipa, mdhamini atawajibika. Tuna mpango wa kukopa benki tujenge, na anauliza itakuwaje nikiwa na deni langu na kivuli cha deni la mwingine.

Kuna njia ya kati ninayoifikiria: akope ada peke yake, pesa ya kujikimu nimtafutie mimi kidogo kidogo, ili akimaliza awe na deni la kubebeka. Lakini naogopa kuahidi halafu mwaka wa pili nikwame, aache chuo kwa sababu yangu.

Naomba msaada wenu, hasa ninyi mliopita humu. Mliomaliza kulipa, makato yaliwachelewesha kuoa, kujenga au kuanzisha biashara, au baada ya muda mliyazoea? Mliowahi kumdhamini ndugu, mlifuatwa aliposhindwa? Na mliosoma fani zisizo na soko kwa mkopo, leo mngemshauri binti huyu nini? Mwenye kujua kama mdhamini anaweza kujitoa baadaye naye anieleze, maana nimeuliza mara kadhaa na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Fomu inatakiwa kurudishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Hata jibu fupi litanifaa.

Wenu,
Dada mwenye fomu mkononi