Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba stempu moja tu ya postikadi

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya stempu za nchi,

Pokea salamu zetu pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Tulikuwa tayari kuendelea kungoja stempu ulizotuahidi, kama ulivyotuomba. Lakini wiki iliyopita, kwenye kaunta moja katikati ya jiji la Nairobi, postikadi ya mtalii ilibandikwa stempu nne, mbili kati yake zikiwa juu ya anwani. Kisha, badala ya kugonga muhuri, karani akachukua kalamu na kuzichora msalaba. Mistari miwili ya wino wa bluu, pembe hadi pembe, imepita juu ya picha ya Fort Jesus. Hilo ndilo tangazo la utalii tulilolituma Ulaya.

Siku ya kuzindua stempu za vivutio vya utalii ulituahidi kwamba kila kaunta itakuwa nazo. Picha zilipigwa, keki ikakatwa. Keki ilikuwa nzuri, hatuna lalamiko nayo.

Karani tusimwonee. Yeye huuza alicholetewa. Tatizo liko kwenye thamani iliyochapishwa: stempu inatoka na bei moja, gharama ya kutuma postikadi inapanda, na karani anabaki kujumlisha vipande hadi hesabu itimie. Sasa chukua rula, Mheshimiwa. Postikadi ya kawaida ina milimita 148 kwa 105. Nusu ya kulia ndiyo ya anwani na stempu, yaani upana wa milimita 74. Stempu ya picha yenye milimita 40 kwa 30 ukiilaza, mbili zikikaa sambamba zimefika 80, tayari zimeingia kwenye salamu za mwenye kadi. Ukizisimamisha, mbili juu na mbili chini, zinakula 60 kwa 80, na chini unabakiwa na ukanda wa milimita 25. Humo liandikwe jina, mtaa, mji, msimbo na nchi?

Stempu zikikosekana kabisa, mashine inatoa kibandiko cheupe chenye tarakimu. Kadi itafika, hatukatai. Lakini kibandiko hakina twiga, hakina Mlima Kenya, hakina Lamu. Mtalii anakitazama, anarudisha kadi kwenye mkoba na kusema atatumia simu. Sisi tunaouza postikadi tunamjua huyo mtalii. Kesho hanunui tena, na kadi zetu zinapaukia kwenye vibanda kwa jua, zile za flamingo zikiwa za kwanza kupoteza rangi.

Tunashuku, na utusahihishe, kwamba matoleo hupangwa kwa kumfikiria zaidi mkusanyaji aliye ng'ambo: thamani nyingi tofauti ili seti iwe nene, bahasha za siku ya kwanza (zenye stempu mpya iliyogongwa muhuri siku ya kutolewa kwake), na kitakachobaki ndicho kitumwe kaunta. Baadhi yetu ni wakusanyaji na seti hizo tunazinunua kwa furaha. Ila stempu iliyofungiwa kwenye albamu haimleti mgeni yeyote Tsavo. Inayomleta ni ile iliyobandikwa kwenye kadi, ikapita mikononi mwa tarishi, ikaishia kwenye mlango wa friji ya jirani wa mtalii.

Dawa ipo na si ngeni. Chapisha stempu isiyo na tarakimu ya bei, yenye neno la kuonyesha kwamba inatosha postikadi moja ya kwenda nje. Bei ikipanda, stempu haifi: inauzwa kwa bei mpya tangu siku hiyo, na iliyonunuliwa jana bado inafanya kazi. Uingereza ilianza stempu za namna hiyo mwaka 1989 kwa barua za ndani, na baadaye ikatoa hata ya postikadi za ng'ambo. Marekani ilifuata na zake za kudumu mwaka 2007. Hasara yake tunaijua: watu hununua kwa wingi bei ikikaribia kupanda. Basi weka kikomo cha kila mnunuzi wiki hizo, mambo yaishe.

Na picha iwe ya kitu kimoja. Kundi zima la nyumbu wakivuka Mto Mara ni picha ya ukutani. Ukiibana kwenye milimita 40 inakuwa mchanga uliomwagika. Mfululizo wa mwaka 1935 wa Kenya, Uganda na Tanganyika ulilielewa hilo: simba, korongo mwenye taji, jahazi Ziwa Victoria, Kilimanjaro, Ziwa Naivasha. Kila stempu jambo lake, unalitambua hata umenyoosha mkono. Mkoloni aliweza, sisi wenye kompyuta tunashindwa. Hatuombi simba tena, jamani. Thimlich Ohinga, magofu ya makazi ya kale kule Migori, ina kuta za mawe zisizo na saruji, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2018. Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, imeingia mwaka 2024. Ukuta mmoja au lango moja linatosha stempu nzima.

Gundi nayo. Stempu za kulamba zikikaa kwenye droo za Mombasa na Lamu hunyonya unyevu na kushikana. Karani akizibandua zinachanika kwenye vitobo. Kutenga shiti za stempu kwa karatasi ya nta kunasaidia. Stempu za kujibandika zingeondoa shida hiyo, ingawa wakusanyaji watanung'unika kwa sababu ni ngumu kubandua kwenye maji.

Kuhusu muhuri, hatujui kwa nini tunalazimika kuandika haya. Unagongwa pembeni, nusu juu ya stempu na nusu juu ya kadi, ili tarehe isomeke, picha ionekane na stempu isitumike tena. Karani anakimbilia kalamu kwa sababu pedi imekauka, au kwa sababu wino wa maji haushiki kwenye karatasi inayong'aa na unapakaa kila mahali. Anahitaji wino unaokauka haraka. Pedi moja ni bei ya chai na mandazi, tena si chai ya hotelini kwenye uzinduzi.

Tulianza na orodha ndefu ya madai, Mheshimiwa. Tumeifuta. Muhuri tutaulilia siku nyingine, gundi tutavumilia, hata simba tutamkubali. Tupe stempu moja. Moja tu, inayotosha postikadi, ipatikane kaunta za mjini na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla msimu wa Julai haujaanza. Ukituambia haiwezekani, tuandikie sababu.

Wako,
Wauzaji wa postikadi na wakusanyaji wa stempu, Nairobi