YAH: Picha za kamera kufutwa kabla ya siku 30 kwa sababu ya mipangilio ya rekoda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Miezi miwili iliyopita fundi wenu alinifungia kamera nane na rekoda yenye diski ya terabaiti 4. Kwenye makubaliano mliandika kwamba picha zitahifadhiwa siku 30. Juzi nimegundua maboksi mawili yametoweka stoo. Kwa mujibu wa daftari langu, yalitoka siku 16 nyuma. Nikafungua rekoda: picha za zamani kabisa zilikuwa za siku 11 tu.

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea aliniambia diski ni ndogo, ninunue nyingine. Sikuridhika. Nikaomba neno la siri la msimamizi, ambalo fundi aliondoka nalo, nikalipata baada ya simu tatu, kisha nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio.

Kila kamera imeachwa kwenye H.264 (mfumo wa zamani wa kubana video), fremu 25 kwa sekunde, na kiwango cha data kimefungwa kwenye kilobiti 4,096 kwa sekunde usiku na mchana, hata ile inayotazama ukuta wa nyuma ambako hapiti hata paka. Kwa kiwango hicho kamera moja inakula takribani gigabaiti 44 kwa siku. Zote nane, 354. Diski inajaa kabla siku ya 12 haijaisha, na rekoda inaanza kufuta za nyuma. Maana yake ahadi yenu ilivunjika siku ile ile fundi alipokusanya vifaa vyake akaaga.

Na rekoda hii inakubali H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana, kamera zote pia, nimezijaribu moja moja. Kwa picha ya ubora unaokaribiana, H.265 hutumia kama nusu ya data. Wastani wa kilobiti 1,500 kwa kila kamera, na fremu 15, ungefikisha siku 30 kwenye diski hii hii.

Halafu kuna kutazama kamera kwenye simu. Mtiririko mdogo, ule mwepesi wa kutazamia ukiwa mbali, umezimwa. Nikifungua kamera zote, rekoda inajaribu kusukuma megabiti zaidi ya 32 kwa sekunde kwenye laini inayopandisha 10. Picha zinaganda, nami nilikuwa nikiilaumu kampuni ya intaneti bure. Nyaya, kusema haki, zimepitishwa vizuri.

Naomba fundi arudi ndani ya siku saba aweke H.265, kiwango cha data kinachobadilika chenye kikomo cha juu, kamera kwa kamera, na awashe mtiririko mdogo. Ajaribu usiku pia, si mchana peke yake: gizani picha huwa na chengachenga, na chengachenga hizo zinakula data. Ikiwa kwa mipangilio hiyo sura ya mtu mlangoni haitambuliki, basi diski kubwa zaidi ni juu yenu, kwa kuwa siku 30 mliziandika ninyi. Mipangilio yote niachiwe kwa maandishi, pamoja na neno la siri.

Tafadhali mwambieni pia asiifomati diski. Siku zilizobaki bado sijamaliza kuzitazama, na aliyechukua maboksi huenda alirudi.

Wenu,
Mteja