Barua kwa mdogo wangu aliyeko St. Louis: mtafuteni yule askari

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Nimepata ujumbe wako kuhusu yule bibi jirani yako, ambaye tangu utotoni anasikia kwamba babu wa babu yake alizaliwa mtumwa, akaingia jeshini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na familia haina hata karatasi moja inayomtaja. Unataka kumsaidia na hujui uanzie wapi. Nakujibu hadharani kwa sababu ndugu wengine walioko huko wameshaniuliza jambo hilohilo, na kwa sababu mji unaoishi una askari wake ambaye ningependa umfahamu kwanza.

Pale Fairground Park, mnapowapeleka watoto kucheza, ndipo ilipokuwa kambi ya Benton Barracks. Tarehe 3 Septemba 1864, katika hospitali ya kambi hiyo, alikuwamo mgonjwa wa baridi yabisi aliyeitwa Spotswood Rice, askari wa Kombania A, Kikosi cha 67 cha Askari Weusi wa Miguu. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa mtumwa katika shamba la tumbaku la Benjamin Lewis, karibu na mji wa Glasgow, huko juu kwenye Mto Missouri. Aliondoka akaenda kujiandikisha jeshini. Watoto wake walibaki utumwani.

Hapa inabidi uelewe sheria ilivyokuwa, maana bila hiyo makaratasi yatakuchanganya. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863, lilihusu majimbo yaliyoasi. Missouri, jimbo lenu, haikujitenga na Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln, kwa hiyo watumwa wake walibaki watumwa. Mwanamume aliyeandikishwa jeshini alipata uhuru wake yeye peke yake. Mkewe na wanawe waliendelea kuwa mali ya mtu hadi Missouri ilipofuta utumwa Januari 1865, na Machi mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaweka huru wake na watoto wa askari kokote walikokuwa. Kwa hiyo Septemba 1864 Rice alikuwa amevaa sare ya serikali, na binti yake Mary alikuwa mali ya mwanamke aliyeitwa Kitty Diggs.

Siku hiyo aliandika barua mbili kwa mkono wake. Ya kwanza kwa mabinti zake: “Wanangu, nashika kalamu kuwaandikia mistari michache mjue kwamba sijawasahau.” Akawaambia watulie na hali waliyo nayo, kwa maana atawapata hata ikimgharimu uhai wake. Ya pili ilikwenda kwa Kitty Diggs. Alikuwa amesikia kwamba mama huyo anamshutumu kwa kutaka kumwiba Mary. Akamjibu kwamba Mary ni mtoto wake, ni haki yake aliyopewa na Mungu, na kwamba kadiri anavyozidi kumshikilia ndivyo atakavyozidi kuungua motoni. Akamkumbusha kuwa aliwahi kutaka kumlipa dola 40 ili amnunue mwanawe mwenyewe, na sasa anashukuru kwamba mama huyo hakuzipokea. Askari weusi wapatao elfu moja, akamwambia, wanajiandaa kupanda hadi Glasgow. Aliandika tahajia kama sikio lilivyomwambia, karibu bila nukta, na hakuna sentensi inayomtetemeka.

Sasa tazama barua hizo zilivyotufikia. Kaka yake Kitty, F. W. Diggs, alikuwa mkuu wa posta wa Glasgow. Zilipomfikia alighadhibika, akazituma kwa Jenerali Rosecrans, kamanda wa jeshi katika jimbo, akiomba Rice aondolewe Missouri. Karani wa jeshi akaziweka kwenye faili pamoja na malalamiko ya Diggs. Zimekaa humo mpaka leo, katika Nyaraka za Taifa mjini Washington. Aliyetaka mtu huyu anyamazishwe ndiye aliyetuhifadhia sauti yake. Kila nikilikumbuka hili nasisimka mwili mzima.

Na kuna upande wa pili wa habari hiyo. Mwaka 1937, serikali ilipowalipa waandishi kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani, mmoja wao alimkuta St. Louis bibi wa miaka 85, Mary Bell. Ndiye yule Mary. Alimtaja Kitty Diggs kwa jina. Alisimulia kwamba akiwa na miaka saba alikodishwa kwa mchungaji mmoja kulea watoto watatu, na kwamba baba yake, kwa kuwa alikuwa na bwana mwingine, aliruhusiwa kuja kuwaona usiku mara mbili tu kwa juma. Alisema anawapenda wanajeshi: baba yake, kaka yake, mumewe na mwanawe wote walikuwa wanajeshi, naye anampenda mwanamume anayepigania haki zake. Baba mwenyewe baada ya vita alikuwa mchungaji wa AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, akahudumu Albuquerque katika miaka ya 1880, na akafa mwaka 1907 huko Colorado Springs.

Simwahidi bibi yako barua kama hizo. Askari wengi hawakujua kuandika. Kuwafundisha watumwa kusoma kulikatazwa na sheria ya Missouri tangu 1847. Lakini kati ya watu weusi wapatao 179,000 waliotumika katika jeshi la nchi kavu la Muungano, kila mmoja aliandikwa kwa jina na karani wa kikosi, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Fungua orodha ya watumwa ya sensa ya 1860 uone: jina la mwenye mali, kisha mistari chini yake, umri, jinsia, rangi, na mahali pa jina ni patupu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Kadi ya jeshi inakaa katikati ya hizo mbili. Ina umri, urefu kwa futi na inchi, rangi ya macho na nywele, alikozaliwa, kazi aliyokuwa akifanya, siku na mahali alipoandikishwa. Tena Missouri mwenye mtumwa aliyekuwa mtiifu kwa Muungano aliweza kudai hadi dola 300 kwa kila aliyeandikishwa, kwa sharti atoe hati ya kumwacha huru. Hati hizo mara nyingine zimo ndani ya faili la askari, na humo bwana anaeleza alivyompata. Inauma kusoma, lakini itawapeleka nyuma kizazi kizima. Mkae naye bibi mkiisoma.

Faili la pensheni ndilo la kupigania. Mjane wa askari aliyeomba pensheni alitakiwa athibitishe ndoa, na ndoa za watumwa hazikuwa na cheti. Basi waliitwa mashahidi: mkunga aliyezalisha watoto, askari wa kombania moja, jirani aliyekuwepo walipooana, wakati mwingine hata bwana wa zamani. Kila mmoja alikula kiapo na maneno yake yakaandikwa. Nimesoma mafaili ambamo kijiji kizima kinazungumza, nani alilala nyumba gani, nani aliuzwa mwaka wa mvua kubwa, mtoto yupi alifia njiani. Hakuna nyaraka nyingine inayokaribia hapo.

Msitafute jina moja tu. Wengi waliandikishwa kwa jina la bwana, wakishapata uhuru wakachukua la baba, na mafaili ya pensheni huwa na majina yote mawili. Tazameni pia Freedman's Bank, benki ya waliokuwa watumwa, iliyofunguliwa 1865 na kufa 1874, ambayo ilikuwa na tawi hapo St. Louis. Fomu zake ziliuliza wazazi, ndugu, na kikosi alichotumika mtu.

Kabla ya yote, kaa na bibi uandike anayoyakumbuka. Majina ya wanawake hasa, na kaunti walikotoka, na kanisa walilosali. Mkishapata faili, nitumie picha za kila ukurasa, na upande wa nyuma pia, kwa kuwa makarani wa jeshi walikunja barua na kuandika nyuma yake zilikotoka na hatua iliyochukuliwa.

Kaka yako.