Hesabu ya akiba ianze na maji na moto

Mhariri,

Kila zinapotangazwa mvua kubwa, ukame au mgawo wa umeme, magazeti hutoa ushauri ule ule: wananchi wekeni akiba ya chakula. Ushauri si mbaya, ila unaishia dukani. Mtu akishanunua haambiwi nafaka itahitaji maji kiasi gani hadi iwe chakula, ataipikia nini gesi ikikatika, wala kwa nini gunia alilolifungia stoo litatoa unga na mabuu badala ya mahindi. Naomba nafasi nijaze pengo hilo kwa vipimo, kwa sababu akiba nyingi hazimalizwi na walaji. Huharibikia ndani, na mwenyewe hugundua siku anayozihitaji.

Tuanze na kiasi. Wanaogawa chakula kwenye majanga hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukitumia vyakula vikavu, hizo ni takriban gramu 400 za nafaka, gramu 100 za maharage au vingine vya jamii ya kunde, na gramu 40 za mafuta ya kula. Nyumba ya watu watano kwa wiki mbili itahitaji kilo 28 za nafaka, kilo 7 za maharage, lita 3 za mafuta na gramu 350 za chumvi. Si mzigo wa kutisha. Unaingia chini ya kitanda. Maji ndiyo hayaingii. Mtu mmoja anahitaji karibu lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia tu, kwa hiyo watu watano wanamaliza dumu zima la lita 20 kila siku. Wiki mbili ni madumu 14, na bado hujaosha sufuria wala kumwaga maji chooni. Mwenye gunia mbili za mchele na madumu mawili ya maji ana akiba ya siku mbili, hata akijiita tajiri.

Sasa nafaka yenyewe. Adui wa kwanza ni unyevu, na hapa naomba nisihimizwe kufupisha. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13. Macho hayawezi kukuambia kama yamefika hapo, na kuyang'ata kwa meno kunasaidia kidogo tu. Lipo jaribio la chumvi. Kausha chumvi juani au kwenye kikaango hadi itiririke kama mchanga. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi vijiko viwili vikubwa, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja hivi, halafu iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Wengi hukosea hapo kwa kufunga siku hiyo hiyo. Jaribio linakuhakikishia 15, wewe unatafuta 13, kwa hiyo baada ya chumvi kuacha kunata rudisha mahindi juani siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai na si juu ya udongo, na uyaache yapoe kivulini kabla ya kuyafunga. Ukiyafunga yakiwa na moto wa jua, usiku chombo kinapopoa jasho linajikusanya chini ya mfuniko na kudondokea tabaka la juu. Kuvu huanzia hapo.

Kuvu wa aina ya Aspergillus flavus hutoa sumu inayoharibu ini, ile tuitayo sumukuvu. Kuichemsha au kuikaanga hakuimalizi. Kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa kunaipunguza, lakini punje inayoonekana safi nayo yaweza kuwa nayo. Ndiyo maana ninashangaa nikisikia mahindi yaliyoota ukungu yanaoshwa, yanaanikwa, kisha yanasagwa. Ukungu umeondoka, sumu imebaki. Kuyalisha mifugo nako si suluhisho, kwa kuwa ng'ombe anayekamuliwa huipitisha kwenye maziwa.

Adui wa pili ni fukusi, ambaye mara nyingi hakuingia kwako kutoka nje. Alinunuliwa pamoja na nafaka, akiwa yai ndani ya punje. Dawa yake kubwa ni kumnyima hewa: chombo kisichopitisha hewa, kilichojazwa pomoni. Fukusi na punje zenyewe humaliza oksijeni iliyobaki, na ikishuka chini ya asilimia 5 wadudu huacha kula na kuzaana, hatimaye hufa. Chombo kilichojazwa nusu hakifanyi kazi hiyo vizuri kwa sababu hewa ya juu inawatosha kwa muda mrefu. Kile kinachofunguliwa kila asubuhi kutolewa vikombe viwili hakifanyi kazi kabisa. Kwa hiyo badala ya pipa moja kubwa, tumia vyombo vidogo. Chombo cha lita 5 hubeba takriban kilo 3.6 za mahindi. Vinane vinatosha kilo 28 zile, na kila kimoja kikifunguliwa kinaliwa na watu watano chini ya siku mbili. Hakuna fukusi atakayewahi.

Wapo wanaowasha mshumaa juu ya nafaka kisha wakafunika ili “umalize hewa”. Mshumaa huzimika wakati oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 16 tu. Fukusi hapo hajashtuka, na mwenye nyumba amejiongezea moshi na unyevu. Mwenye friji ya kugandisha ana njia nzuri zaidi kwa kiasi kidogo: vifurushi vya kilo moja moja, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne. Mayai nayo hufa. Akivitoa aviache vipate joto la chumba kabla ya kuvifungua, la sivyo umande utatua kwenye nafaka na kazi yote imeharibika.

Vidonge vya kuulia fukusi vinavyotoa gesi ya fosfini visiingie kwenye nyumba wanamolala watu, hata kimoja, hata kwa usiku mmoja. Gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na mtoto.

Chombo kikae juu ya kichanja, walau sentimita 10 kutoka sakafuni, na kisiguse ukuta. Saruji huvuta maji kutoka ardhini hata inapoonekana kavu. Na usihifadhi unga ukitegemea miezi mingi. Punje nzima ina ganda linalolinda mafuta ya kiini. Ukiisaga umeyaanika hewani, na unga usiokobolewa huanza kunuka na kuwa mchungu ndani ya miezi michache. Mchele wa kahawia una tatizo hilo hilo, mchele mweupe hauna. Kama una kinu cha mkono, hifadhi punje. Kama huna, hifadhi mchele mweupe na unga uliokobolewa, kwa sababu umeme ukikatika mashine ya kusaga nayo imelala. Mafuta ya kula hupenda giza: chupa ndogo zilizojaa hushinda dumu kubwa lililobaki robo.

Maharage yanastahili aya yake. Yakikaa miaka mahali penye joto na unyevunyevu hugeuka magumu, na hapo unaweza kuyachemsha saa nne yakabaki kama kokoto. Hayajaoza, lakini yatakula kuni au gesi uliyotegemea kwa siku tatu. Ndiyo sababu maharage ya akiba lazima yazunguke: ya zamani yapikwe, mapya yawekwe nyuma. Gramu 500 za siku moja ziloweke usiku kucha kwenye lita moja na nusu ya maji, mwaga maji hayo kwenye ndoo ya chooni, kisha pika na lita nyingine moja na nusu hadi mbili. Yachemke kwa nguvu dakika 30. Funika, zima moto, uingize sufuria kwenye kapu au sanduku lililojazwa blanketi, nguo kuukuu au majani makavu, unene wa sentimita 10 kila upande, pamoja na chini na juu. Baada ya saa nne hadi sita yameiva kwa joto lake mwenyewe. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani chakula kidogo hupoa haraka. Usiyaache humo usiku mzima, maana yakiwa vuguvugu bakteria hustawi, na yachemshe tena kidogo kabla ya kula.

Zile dakika 30 za mwanzo zisipunguzwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili tu. Ukiyapika kwa moto mdogo usiofikia kuchemka, sumu hiyo yaweza hata kuongezeka, na walaji watatapika na kuharisha siku ambayo maji ni machache. Anayeruka hatua hii ili aokoe gesi anailipia chooni.

Maji ya bomba yaliyokwisha kutibiwa hayahitaji dawa zaidi ukiyaweka kwenye dumu safi. Dumu lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha klorini ya kufulia kwa kila lita, lisuuzwe tena kwa maji safi, lijazwe hadi shingoni, liandikwe tarehe, libadilishwe kila miezi sita. Lisiwe dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya taa, na lisikae karibu na petroli: mvuke wake hupenya plastiki, na harufu utaipata kwenye chai. Maji usiyoyaamini yatuame, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe. Dakika moja ya mchemko wa nguvu inatosha. Mahali palipo juu ya mita 2,000 ziwe tatu. Pasipo moto, tumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone mawili kwa lita, mara mbili yake maji yakiwa bado si maangavu, kisha subiri dakika 30. Kwa dumu la lita 20 ni mililita 2, ambazo bomba la sindano jipya lisilo na sindano hupima vizuri kuliko kuhesabu matone 40. Pasiposikika harufu hafifu ya klorini baada ya muda huo, rudia kipimo mara moja na usubiri tena dakika 15. Chupa ya klorini ikipita mwaka imepoteza nguvu. Isichanganywe kamwe na siki wala sabuni za chooni, kwani hutoa gesi yenye sumu. Na si klorini wala mchemko unaoondoa mafuta au kemikali za viwandani. Maji yaliyochanganyika na hivyo hayatibiki jikoni.

Friji iliyozimika, ikibaki imefungwa, huhifadhi chakula saa nne. Sehemu ya kugandisha iliyojaa hustahimili saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena, na nyama hiyo haifai.

Kuhusu kufungasha nyama au mboga kwenye chupa nyumbani, nitasema moja tu: maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayafiki joto la kuua mbegu za bakteria wa botulizimu, wanaotia chakula sumu inayoua. Zinahitaji nyuzi 116 hadi 121, yaani chombo maalumu cha kuchemshia kwa shinikizo. Asiye nacho akaushe, atie chumvi, au abaki kwenye matunda yenye uchachu.

Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirisha na milango. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata makaa yakiwa yamefifia na dirisha liko wazi kidogo. Gesi inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haina harufu, na anayeivuta usingizini haamki kufungua mlango.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ushauri wa akiba ukichapwa tena, uandamane na jaribio ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Jumamosi jioni funga bomba kuu na uzime swichi kuu hadi Jumapili jioni. Kabla ya kuanza, pima mtungi wa gesi kwa mizani ya kuning'iniza. Pika kutoka kwenye akiba, maharage ya zamani kuliko yote yakiwa ya kwanza, kwa maji ya madumu pekee, kisha pima mtungi tena. Tofauti ndiyo gesi ya siku moja. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye shingo yake. Utoe kwenye uzito wa sasa, gawa kilichobaki kwa ile tofauti, na utapata siku ambazo jiko lako litawaka. Madumu yaliyobaki yagawe vivyo hivyo. Kati ya majibu hayo mawili, dogo liandikwe kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Msomaji wenu