Wanaogopa tochi, hawaogopi kugonga

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya madereva walionaswa na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, kisha "wakahimizwa" kufuata mwendo uliowekwa, imenishinda kunyamazia. Wahimizwe kitu gani wasichokijua? Kibao cha 50 wanakijua, na mahali anapokaa trafiki wanapajua zaidi.

Mwezi uliopita nilipanda basi Morogoro kurudi nyumbani Chamwino. Tangu Gairo, madereva wanaotoka mbele walikuwa wakimpigia dereva wetu taa. Akipigiwa, basi linatambaa. Akishampita trafiki, anakanyaga mafuta. Kibaigwa hakuna aliyemshtua, akanaswa. Akaandikiwa faini ya shilingi 30,000, akaikunja karatasi, akaitupa juu ya dashibodi, na kabla ya Mbande tulishaanza kushikilia viti. Wapo abiria waliomshangilia, eti tumechelewa. Tukaingia Buigiri, kijiji chenye shule ya watoto wasioona, na mwendo ni uleule. Watoto wawili walikuwa wamesimama ukingoni mwa lami wameshikana mikono, mmoja ana fimbo nyeupe, wametega masikio. Mtoto asiyeona huvuka kwa kusikia, Mhariri, na basi la mwendo ule ukilisikia limeshafika! Nilisimama nikapiga kelele. Kondakta akanijibu, "Mama, kaa, leo tumeshaandikiwa." Yaani kuandikiwa Kibaigwa ndiyo ruhusa ya kupita vijiji vyote hadi Dodoma mjini? Nimefundisha hesabu miaka 31, nikaipiga palepale kitini. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72. Kwa 80, ambao basi linaruhusiwa nje ya makazi tu, ni sekunde 45. Alikuwa anaokoa sekunde 27. Na kwa hizo sekunde 27, akifunga breki, gari linaburuzika umbali unaozidi mara mbili na nusu ule wa mwendo wa 50. Watoto wale walikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye matairi.

Halafu kuna suala la zebra. Hapa kwetu ipo iliyofutika kabisa. Wajukuu wangu wanavuka kwa kukumbuka ilipokuwa. Rangi nyeupe inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Anayehusika anasubiri nini?

Faini hiyo inaingizwa kwenye gharama za safari kama dizeli. Anachokitafuta dereva ni muda, basi anyang'anywe muda. Akinaswa, basi lizimwe palepale kwa saa nzima, abiria wakiwemo, na wale wanaoshangilia washuke wakae juani wamuulize vizuri. Na yule wa kwetu apelekwe Buigiri siku tano mfululizo, bila gari, saa nane mchana, awashike mkono watoto wale awavushe yeye mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma