Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hoteli ndani ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum. Hesabu za chama mmeshazipata kwa mshika fedha, na kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia. Kamati imeniomba mwaka huu nizungumzie jambo moja, kwa sababu ndilo lililojaza maswali yenu: nyumba kubwa ya mawe hapa Zanzibar ikigeuzwa hoteli, inapona au inaanza kufa? Jibu letu ni kwamba biashara ya hoteli inaweza kuipa nyumba fedha za matengenezo ambazo hakuna mpangaji wa kawaida angezitoa. Kinachoiangusha ni maji ambayo hoteli huyaingiza mahali ambapo hayakuwahi kuwepo.

Majumba haya hayakujengwa kulaza wageni wa kulipa. Mambo Msiige, pale Shangani, ilikuwa nyumba ya tajiri wa Kiarabu katikati ya karne ya 19, ikatumika baadaye kama makao ya balozi mdogo wa Uingereza, kisha ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Hoteli ya Serena iliingia miaka ya 1990 katika jengo la zamani la kampuni ya simu, Extelecoms. Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza. Hoteli ya Hurumzi imo katika jumba linalohusishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa zama za Sultani Sayyid Barghash, na jina la mtaa wenyewe linahusishwa na uhuru wa watumwa baada ya amri ya 1897. Topan huyohuyo ndiye aliyeanzisha jengo la mbele ya bandari tunaloliita Zahanati ya Zamani. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, na jengo likakamilika 1894, yeye akiwa ameshafariki.

Wanaozilaumu hoteli kwa kila ufa wakumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa familia kadhaa kwa kila nyumba, kwa kodi ambayo haikutosha kununua hata chokaa ya kupaka. Miaka ya 1970 na 1980 nyumba zilianguka moja baada ya nyingine, hasa wakati wa masika. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Fedha za wawekezaji zilikuja katikati ya hali hiyo, na baadhi ya nyumba tunazojivunia leo zisingekuwa zimesimama bila fedha hizo. Kamati haipingi hoteli.

Sasa tuingie ndani ya ukuta.

Ukuta wa nyumba ya mawe una nyuso mbili za matumbawe yaliyopangwa kwa mkono, na katikati umejazwa vipande vya mawe, udongo mwekundu na chokaa. Unene wake chini ni kama sentimita 50 hadi 70. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake, mchana kutwa, mwaka mzima. Lipu ya chokaa inauruhusu unyevu huo kupita. Saruji haiuruhusu, tena ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Ukuta ukivikwa saruji, unyevu uliokuwa ukitokea usawa wa goti hupanda mpaka kifuani ukitafuta pa kutokea. Chumvi hubaki nyuma ya lipu, hukauka ikawa chembe ngumu, na chembe hizo husukuma. Baada ya misimu michache lipu inabanduka, na inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Fundi akiitwa tena, huziba kwa saruji nzito zaidi, na maji yanapanda juu zaidi.

Baya zaidi halionekani. Maji yakizidi katikati ya ukuta, udongo uliojazwa mle unalainika na kushuka, nafasi tupu zinabaki juu, na uzito wote unahamia kwenye nyuso mbili ambazo hazikushikana vizuri. Hapo ndipo ukuta unapotoa tumbo, yaani unapovimba kwenda nje. Mwanachama anayeona tumbo asipige lipu juu yake. Aning'inize kamba yenye timazi, uzito wa kuinyoosha wima, kutoka dari mpaka sakafu, apime nafasi kati ya kamba na ukuta kila nusu mita, aandike tarehe, na apime tena baada ya mwezi. Tumbo lisilobadilika linaweza kusubiri mhandisi. Tumbo linalokua linataka nguzo za kuegemeza siku hiyohiyo, na wageni wahamishwe.

Kuhusu lipu yenyewe, kipimo tunachokipendekeza ni sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa sehemu 3 za mchanga. Chokaa iwe imekaa chini ya maji miezi 3 au zaidi. Iliyolowekwa juzi bado ina chembe zisizolainika, nazo huvimba baadaye ndani ya lipu na kuitoboa vitundu. Mchanga usiwe wa pwani. Chumvi yake huvuta unyevu hewani kila usiku, na ukuta hautakauka hata jua likiwaka vipi. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na kidogo. Ukuta ulowanishwe kabla ya kupiga, na baadaye ufunikwe kwa magunia yenye maji kwa muda wa wiki moja, kwa sababu chokaa inayokaushwa haraka hugeuka unga. Juu yake ipakwe chokaa nyepesi, mikono minne au mitano, wala si rangi ya plastiki. Tunajua mwenye hoteli anataka ukuta mweupe mkavu kabla ya wageni wa Julai. Basi kazi ianze mapema, si kubadilisha chokaa kwa saruji.

Juu ya ukuta kuna boriti. Upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, ambao wageni huushangaa kwa wembamba, uliamuliwa na mti wa mkoko: boriti haibebi salama zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kikawa kirefu na chembamba. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi aagize chuma kutoka nje, kama Sayyid Barghash alivyofanya kwa jumba lake la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa iliyopigwapigwa mpaka ikashikana. Unene wote hufika sentimita 30 na zaidi. Kwa unene huo kila mita ya mraba ina zaidi ya kilo 500, na chumba cha mita 2.7 kwa 5 kina karibu tani 7 juu ya vichwa vya watu kabla hakijawekwa hata kitanda.

Juu ya mzigo huo hoteli inaongeza bafu kwa kila chumba. Zege ya sentimita 10 chini ya vigae ni kilo 240 kwa mita ya mraba. Bafu la mita 2 kwa 2 linaongeza karibu tani moja. Hata hivyo uzito peke yake mara nyingi nyumba huuvumilia. Shida ni uvujaji mdogo. Sakafu ya chokaa inakunywa maji kimyakimya, miezi kadhaa, bila tone kuonekana chini. Maji hutembea hadi ukutani, na pale ncha za boriti zilipozikwa ndipo yanapokaa, kwa kuwa hakuna hewa. Ncha zinaoza wakati katikati ya boriti ni nzima, imara, ya kupendeza machoni. Mgeni anaipiga picha.

Kwa hiyo bafu lipangwe hivi. Mabafu ya ghorofa zote yawe juu ya mstari mmoja, kwenye ukuta wa nje au pale palipokuwa na choo cha asili. Bomba lisichimbiwe ukutani kamwe. Mfereji wa sentimita 5 unakata uso wa mawe ambao ndio unaobeba, na bomba likivuja mle hakuna atakayelijua. Mabomba yapite nje ya ukuta, ndani ya kisanduku cha mbao chenye mlango, fundi afungue na kutazama. Bomba la maji machafu literemke sentimita 2 kwa kila mita. Chini ya vigae kuwe na tabaka la kuzuia maji linalopanda ukutani angalau sentimita 15, na sehemu ya kuogea lifike juu ya kichwa. Kabla ya kuweka vigae, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji ya kina cha sentimita 3, acha saa 24. Yakipungua, au dari ya chini ikipiga giza, tabaka livunjwe lianzwe upya. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Boriti zikaguliwe kila mwaka baada ya masika. Chukua bisibisi nyembamba, chomeka kwenye boriti karibu kabisa na ukuta, upande wa chini na pembeni. Ikizama zaidi ya sentimita moja, au ukigonga ukasikia sauti ya mti mtupu, boriti hiyo ibadilishwe. Kabla ya kuitoa, egemeza dari kwa nguzo, na nguzo zishuke kila ghorofa mpaka ardhini. Ukiishia kwenye dari ya chini umehamisha mzigo tu. Boriti mpya ipakwe dawa ya mchwa ncha zote mbili, na tundu lake ukutani liachwe na nafasi ya hewa pembeni. Wapo wanaoifunga ncha kwa nailoni wakidhani wanaikinga. Wanaiozesha.

Matangi ya paa nayo yana hesabu yake: lita 5,000 ni tani 5. Yawekwe juu ya ukuta unaobeba, si katikati ya dari, na chini ya kila tangi kuwe na sinia lenye bomba la kutoa maji nje, ili boya likikwama maji yasimwagike ndani usiku. Ikiwezekana tangi kubwa liwe chini uani, na juu pabaki dogo la kutosha saa chache.

Viyoyozi tumevipigia kelele miaka mingi, na bado bomba lake la maji linaachwa linaning'inia juu ya ukuta wa jirani. Kwa unyevu wa hapa, kiyoyozi kimoja hutoa lita moja au zaidi kwa saa. Hoteli ya vyumba 20 inamwagia ukuta mamia ya lita kila usiku wa joto. Maji hayo yakusanywe kwenye bomba moja mpaka chini.

Jambo linalohusiana na hilo ni ua wa katikati ya nyumba. Nyumba hizi zilipoa kwa sababu hewa ya moto ilipanda katikati na kutoka juu, na hewa ya pepo za bahari ikaingia kwa madirisha. Ua ukizibwa kwa kioo ili pawe ukumbi wa mapokezi, nyumba nzima inageuka tanuri, na viyoyozi vinafanya kazi ambayo ua ulikuwa ukiifanya bure. Anayehitaji kuzuia mvua ainue kifuniko kama sentimita 60 juu ya ukingo, pande zote nne ziwe wazi.

Kuhusu mapaa ya mabati nitasema machache: safisha gata, yaani mifereji ya maji ya paa, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Majani na viota vya kunguru huziba tundu, maji hufurika juu ya ukuta, na huko juu ndiko ukuta ulikobaki bila lipu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Ikiwa jumba lenye nguzo za chuma, linalotazamwa na dunia nzima, liliweza kufika hapo, nyumba ya ghorofa tatu katika kichochoro cha Kiponda haina kinga yoyote isipokuwa macho ya mwenye nyumba.

Kwa mwaka unaokuja kamati inaomba mambo matatu. Kila mwanachama mwenye hoteli aweke daftari la nyumba: tarehe za vipimo vya matumbo na nyufa, boriti zilizobadilishwa, mahali mabomba yanapopita. Mafundi bomba wanaoajiriwa wapewe ramani hiyo kabla ya kushika nyundo. Na shimo la pamoja la kulowekea chokaa lifufuliwe, kwani ununuzi wa kila mtu peke yake ndio unaowasukuma wengi kwenye saruji dakika za mwisho. Chokaa ya kazi za baada ya masika inabidi iingie majini kabla Februari haijaisha. Wenye kazi za lipu wampelekee katibu makisio ya ukubwa wa kuta zao kwa mita za mraba, pamoja na unene wa lipu ya zamani, ili tujue tuagize kiasi gani.