Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rutuba Iliyozidi na Ukame katika Nyanda za Majani

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Mimi nitazungumzia jambo lililoichukua kamati muda mrefu kuliko yote mwaka huu: kwa nini uwanda unaopendeza sana wakati wa mvua huweza kuwa wa kwanza kuanguka ukame ukiingia.

Likitajwa neno uchafuzi, watu hufikiria sumu na plastiki. Huu ninaousema ni uchafuzi wa rutuba, yaani chakula cha mimea kinapozidi kiasi. Naitrojeni na fosforasi, virutubisho vikuu vya mbolea, hutiririka kutoka mashambani. Moshi wa magari na viwanda, pamoja na hewa ya samadi iliyorundikwa, hupandisha naitrojeni angani, nayo hushuka na mvua hata mahali ambapo hapajawahi kumwagwa mbolea. Tangu viwanda vianze kutengeneza mbolea kwa naitrojeni ya hewani mwaka 1913, shughuli za binadamu zimefikia hatua ya kuongeza takriban maradufu naitrojeni inayoingia kwenye ardhi kila mwaka.

Ushahidi wa muda mrefu zaidi uko Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1856 watafiti John Lawes na Joseph Gilbert waliligawa eneo moja la majani na kuweka mbolea tofauti katika kila kipande, na jaribio hilo linaendelea hadi leo. Vipande ambavyo havikuwekwa kitu bado vina aina zaidi ya 30 za mimea. Vile vilivyopewa naitrojeni nyingi ya amonia bila chokaa, udongo wake umekuwa mchachu na aina zimebaki chache mno. Sababu kubwa ya kupotea kwa aina ni mwanga: nyasi ndefu zenye pupa ya mbolea hupanda haraka na kuvifunika vimea vifupi, hasa vya jamii ya mikunde. Mwaka 2009 watafiti walichapisha jaribio ambalo waliweka taa chini ya majani yaliyorutubishwa, na aina nyingi ambazo zingepotea zikabaki hai. Ndiyo maana nasisitiza kuwa mifugo na wanyamapori, wakila majani kwa kiasi, huusaidia uwanda kwa kufungua mwanga huo.

Sasa ukame. Huko Cedar Creek, Minnesota, Marekani, mtafiti wa mazingira David Tilman na wenzake walianza mwaka 1982 kuweka naitrojeni kwa viwango tofauti, kisha ukame mkali wa 1988 ukawakuta kazini. Vipande vyenye aina nyingi vilipungukiwa na takriban nusu ya majani yake. Vile vyenye aina chache, vilivyopewa naitrojeni nyingi, vilibaki na sehemu moja tu kati ya nane, au pungufu, na vilichelewa kurudia hali yake. Wapo wataalamu waliouliza kama kosa ni la uchache wa aina au ni la mbolea yenyewe iliyobadilisha mimea. Kwa kazi yetu, njia zote mbili zinarudi kwenye mfuko uleule wa mbolea.

Mmea uliopewa chakula kingi karibu na uso wa ardhi hukuza majani kuliko mizizi. Majani mapana hupoteza maji mengi, na mizizi haifiki kwenye unyevu wa chini. Mimea ikikauka, naitrojeni isiyotumika hubaki udongoni. Mvua ya kwanza huamsha vijidudu vya udongo na kuachilia rutuba nyingine kwa ghafla, jambo ambalo mtafiti wa udongo H. F. Birch alilieleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake Muguga, Kenya. Mimea ya kudumu ikiwa imekufa, magugu ya msimu hupokea karamu hiyo, na ziada huishia mtoni.

Sisemi kila mbolea ni uharibifu. Mara nyingi uzito wa majani huongezeka, na ukame mdogo hauifuti nyongeza hiyo. Lakini kuupima uwanda kwa uzito wa majani pekee ni kujidanganya, na ninawaomba tuache kabisa mazoea hayo. Pale Cedar Creek, baadhi ya vipande vilivyoachishwa mbolea vilikuwa bado havijarudisha aina zake miaka 20 baadaye. Hasara ya namna hiyo hairekebishwi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo haya: tusiweke mbolea kwenye nyanda za asili tunazozisimamia, tuache ukanda wa mimea usiolimwa kati ya mashamba na nyanda, samadi isirundikwe mahali pamoja, na kila tawi lihesabu aina za mimea pamoja na kupima mvua. Hesabu hiyo ifanyike mahali palepale kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna kitu kimeota. Katibu anazo fomu, na matawi yazichukue kabla ya kuondoka leo.

Mwenyekiti